Matokeo yaliyosomwa Birere

Juzi binti yangu aliniuliza kama serikali inaweza kuzima intaneti ya nchi nzima. Nikamwambia inaweza, na ilishafanya hivyo yeye akiwa bado anabebwa mgongoni.

Sisi wa Kongo (DRC) tulipiga kura ya rais tarehe 30 Desemba 2018. Kesho yake intaneti ikakatwa, RFI, redio ya kimataifa ya Ufaransa, nayo ikaondolewa hewani. Walisema wanazuia matokeo ya uongo kabla CENI, tume ya uchaguzi, haijatangaza. Wenye kadi za simu za Rwanda wakateremka Birere, mtaa wa Goma ulio karibu na kivuko cha mpakani cha Petite Barrière, ambako simu inashika antena za Gisenyi, ng'ambo ya Rwanda. Nami nikateremka.

Kijana mmoja alikuwa amepanda juu ya shukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, anausomea umati jedwali la matokeo kutoka kwenye simu, mji kwa mji. Wengine walishaanza kushangilia; wawili walishikana mashati. Mama mmoja muuza samaki wadogo wa sambaza akapaza sauti:

"Mwanangu, na Beni iko?"

"Iko, mama."

"Na Butembo?"

"Iko pia."

Mama akashusha beseni lake chini, akajifuta mikono kwenye kitenge. "Mimi ni mtu wa Beni. Sisi tumesogezwa mpaka Machi, sababu ya Ebola na vita. Ile kura ya tarehe 30 watu walijipangia wenyewe kwa hasira, CENI haikuihesabu. Hizo kura zako zimetoka wapi?"

Kijana akapandisha jedwali, akalishusha, akalipandisha tena. Akasema ametumiwa na rafiki, na rafiki naye katumiwa. Alishuka kwenye shukudu akiomba radhi, lakini waliokuwa pembeni yangu walikuwa wameshalituma mbele.

Kwa hiyo serikali haikuogopa bure. Uongo niliuona kwa macho. Ila kuzima rezo, yaani mtandao, hakukuuzuia. Kulituhamishia kwenye antena za nchi jirani, sisi na siri zetu zote, na mpaka leo sielewi ni usalama gani wa taifa uliolindwa hapo.

Rezo ilirudi karibu na tarehe 20 Januari, siku zile Mahakama ya Katiba ilipomthibitisha Félix Tshisekedi kuwa mshindi wa urais. Matokeo ya kituo kwa kituo CENI haikuyachapisha. Yangechapishwa, kila mtu pale Birere angekuwa na cha kulinganisha, hata asiyetoka Beni. Pengine wazushi wangetafuta njia nyingine. Lakini ningependa tungejaribu hivyo kwanza.