Usiku tulipoipiga Murmur hewani

Murmur, albamu ya bendi ya roki ya Marekani R.E.M., ilitufikia Aprili 1983, ndani ya katoni la santuri mpya za wiki, na zamu ya kwanza kuipiga ikaangukia saa nne usiku. Nilikuwa mwanafunzi kutoka Kisumu, nashika mitambo katika redio ya chuo kimoja huko North Carolina. Albamu yenyewe ilikuwa imerekodiwa Charlotte, jimbo lilelile, Januari na Februari mwaka huo, kwa hiyo wengi pale kituoni waliingoja kama habari ya nyumbani.

Kila santuri mpya ilipita njia moja. Unabandika karatasi nyeupe kwenye jalada, unaorodhesha nyimbo za kupiga, unatia alama nyekundu wimbo wowote wenye matusi ili kituo kisiingie matatani na mamlaka inayotoa leseni za redio, halafu unaacha nafasi watangazaji waandike maoni. Kwa Murmur, hiyo kazi ya alama nyekundu ilikwama. Jaladani hamkuchapishwa maneno ya nyimbo. Mbele palikuwa na picha ya kudzu, ule mtambaazi unaofunika miti na nguzo kote kusini mwa Marekani. Sauti ya mwimbaji wao, Michael Stipe, nayo ilikuwa imewekwa ndani ya vyombo, haikuwekwa juu yake. Mkuu wetu wa muziki, binti wa mwaka wa tatu, alizisikiliza pande zote mbili akiwa amevaa hedifoni, akaandika: "Sijasikia tusi. Pigeni zote 12."

Wimbo wa kwanza upande A ni "Radio Free Europe", nao unasumbua kuuandaa. Kawaida unateremsha sindano, unazungusha santuri kwa mkono hadi usikie sauti ya kwanza, kisha unairudisha nyuma kama robo mzunguko ili mota ipate nafasi ya kufikia kasi yake. Ukiirudisha kidogo mno, muziki unaanza ukijikokota kama mtu aliyeamshwa usingizini. Sasa hapa sauti ya kwanza si ngoma wala gita. Ni mvumo wa umeme, mdogo, unaokatika na kurudi. Maprodyuza, Mitch Easter na Don Dixon, walirekodi mvumo wa mitambo ya Reflection, ile studio ya Charlotte, wakaufunga kwenye kifaa kinachofungua na kuziba njia ya sauti kwa kufuata besi ya Mike Mills. Besi ikilia mvumo unapita, besi ikinyamaza unakatwa.

Nikaiachia. Punde taa ya simu ikawaka. Alikuwa mwanamume mwenye sauti ya utu uzima, mpole kabisa: "Kijana, waya wenu wa ethi umechomoka."

Alikuwa na haki ya kudhani hivyo. Waya wa ethi wa mashine ya santuri ukilegea, unapata mvumo wa namna hiyohiyo. Njia ya kuutambua ni kuinua sindano: ukikoma, umo kwenye mifereji ya santuri, ukiendelea, angalia skrubu ya ethi nyuma ya mashine. Lakini huwezi kuinua sindano ukiwa hewani. Haikuhitajika pia, maana ngoma za Bill Berry zilikuwa zimeshaingia na mvumo umepotea, na yule bwana akabaki kwenye laini. Wimbo ulipokwisha aliniuliza jina la bendi, akaniomba nimtajie herufi moja moja.

Kilichonikamata mimi ni gita. Sikio langu lilikuwa limekulia benga ya Shirati Jazz, ambamo gita la solo na la rithimu hujibizana na besi haikubali kukaa nyuma. Gita la roki nililolisikia Marekani hadi wakati huo lilikuwa la kukwaruza kodi nzito, yaani nyuzi kadhaa zikipigwa pamoja, kisha mtu mmoja anajitokeza kwa solo ndefu. Peter Buck hakufanya hivyo. Aliishika kodi kwenye gita lake la Rickenbacker na kudonoa nyuzi mojamoja, akiziacha zilie zikipandana, na chini yake waliongeza magita ya kawaida yasiyo ya umeme ili sauti ijae bila kuwa nzito. Pale ambapo bendi nyingine ingeweka solo, besi ya Mills inapanda na kuimba. Sikiliza "Sitting Still" na besi tupu masikioni, utaona wimbo mzima unaegemea hapo.

Nafasi hiyo haikuja kwa bahati. Mwishoni mwa 1982 kampuni yao ya santuri, I.R.S., iliwajaribu kwanza na prodyuza mwingine. Berry alirudishwa kupiga wimbo uleule tena na tena, kisha vinanda vikaongezwa bendi ikiwa haipo. Wakakataa. Waliwataka Easter na Dixon. Easter ndiye aliyewarekodia Chronic Town, santuri yao fupi ya awali, katika studio aliyoijenga kwenye gereji ya wazazi wake huko Winston-Salem. Kampuni ikakubali baada ya kusikia wimbo mmoja wa majaribio, "Pilgrimage". Huko Charlotte waliamua mapema: hakuna solo za gita, na sinthesaiza za mtindo wa wakati ule ziwekwe kando. Waliongeza vitu vya mkono. Kwenye "Perfect Circle" piano mbili zinapiga sehemu ileile, moja kubwa na moja ya kusimama isiyokaa sawa kwenye tuni, na ile tofauti ndogo kati yake ndiyo inayofanya sauti itetemeke. Ule mngurumo ulio kwenye "We Walk" ni mipira ya biliadi ikigongana, iliyopunguzwa kasi. "Talk About the Passion" ina selo.

Ubaya wa mwanzo mkimya ni kwamba huharibika upesi. Kila mtangazaji anapozungusha santuri mbele na nyuma akitafuta sauti ya kwanza, sindano inakwangua mfereji uleule, na punde unasikia vumbi la sauti, shhh, mahali palipokuwa safi. Kabla muhula haujaisha mvumo wa Easter na Dixon ulikuwa umemezwa kwenye nakala yetu. Tiba ilikuwa kuomba nakala ya pili, kuirekodi mara moja kwenye kartriji ya utepe, na kuipiga kutoka humo.

Redio za biashara mjini zilifuata orodha zilizopangwa ofisini, na wimbo usioshikika maneno haukuwa na mlango wa kuingilia. Ndiyo maana singo ya "Radio Free Europe" iliishia nambari 78 kwenye chati ya Billboard, ilhali albamu, ikibebwa na vituo kama chetu na ziara zisizoisha, ilifika 36. Kufikia mwisho wa mwaka ilikuwa imeuza takriban nakala 200,000, na wahakiki wa jarida la Rolling Stone wakaitaja albamu bora ya 1983, mbele ya Thriller ya Michael Jackson. Cheti cha dhahabu, yaani cha nakala 500,000, kilingoja hadi 1991, mwaka ambao Out of Time iliwapeleka nambari moja na wasikilizaji wapya wakaanza kurudi nyuma kuitafuta ile ya kudzu.