Luka 7, mstari wa pili

Baba ana mtoto wa jicho, macho yote mawili. Hospitali ya KCMC wamempangia waanze na la kulia, na mpaka siku hiyo ifike, msomaji wa Biblia pale nyumbani ni yeyote atakayekuwepo saa mbili usiku. Desemba iliyopita nilikuwa mimi.

Sisi wa Kilimanjaro Desemba hatuulizwi kama tunapanda nyumbani, tunaulizwa tunapanda lini. Nilitoka Arusha alfajiri, nikashuka Moshi mjini kununua sukari na mafuta, nikapanda kihambani. Majirani wanachinja mbuzi na kunywa mbege. Kwetu ni soda na nyimbo za wokovu, maana baba ni mchungaji wa kanisa dogo la mabati alilolijenga kwa mikono yake.

Kanisa sitalitaja, jina langu sitaliandika, na cheo changu niseme tu kwamba nyota moja ya luteni usu niliiacha zamani. Sababu ni kifungu cha 154 cha Kanuni ya Adhabu. Tulirithi kwa Mwingereza, mwaka 1998 kikaongezwa makali: miaka 30 hadi kifungo cha maisha. Mimi ni afisa wa jeshi, nampenda mwanamume mwenzangu, na nimeokoka. Hayo matatu yanakaa kwenye mwili mmoja, na mwili huo asubuhi unakunywa chai na maandazi kama wa mtu mwingine yeyote.

Utotoni tulikariri sura nzima nzima. Nikiwa na miaka kumi na miwili nilikuwa najua Walawi 20 kwa kichwa, na mstari wa 13, unaoagiza wanaume wanaolala pamoja wauawe, ulinikaa tumboni kama jiwe. Mstari wa 9 wa sura hiyohiyo unaagiza anayemlaani baba yake auawe, lakini huo sijawahi kuusikia ukihubiriwa. Na nguruwe wa sura ya 11, naona kitimoto tulishasamehewa zamani.

Nilipofika miaka kumi na tisa baba aliona kitu. Sijui aliona nini, hakuwahi kusema. Nikafungishwa siku tatu bila chakula, usiku wa tatu wakaniweka katikati ya wanaume saba, mafuta kichwani, wakikemea. Saa kumi alfajiri nilianguka. Kanisa likalipuka kwa haleluya, pepo limetoka! Mimi nilianguka kwa njaa. Ila nilishuhudia mbele ya watu, mwaka mzima nikawa ushuhuda wa kutembea, na nakiri kwamba nilitamani sana iwe kweli.

Jeshini nilipumua. Watu hawaelewi nikisema hivi. Kwenye kwata wanakagua viatu, mkanda, ndevu. Moyo wako haupangwi kwenye paredi. Siku ya kamisheni baba alikuja chuo cha jeshi Monduli na suti yake ya harusi, vumbi lote la kule limemjaa, akaniita "afande" mbele ya dada zangu huku anacheka na kulia.

Halafu nikamchumbia binti wa kanisani. Hapa ndipo ninapokaa kila nikipiga magoti. Barua ya posa ilikwenda, wazee wakakaa, mama yake akanunua kitenge cha sare. Nilijua nafanya nini. Nilimtumia binti wa watu kama mwamvuli, na nilipovunja uchumba bila kumpa sababu alibaki yeye ndiye wa kusemwa mtaani. Ameolewa, ana watoto, nikikutana naye ananisalimia vizuri, na ule uzuri wa salamu yake ndio unaoniuma. Kama kuna dhambi katika habari yangu yote, ni ile. Kwa huyu niliye naye Arusha, fundi umeme mwenye mgongo mbovu, nimejaribu kutubu miaka mingi. Nikifika "nisamehe" sipati la kumalizia.

Basi, saa mbili usiku. Baba akasema, "Nisomee Luka saba." Akida wa Kapernaumu, afisa wa askari mia. Nikaanza: mtumwa wa akida alikuwa "hawezi, karibu na kufa".

"Hawezi nini?" akauliza mtoto wa dada yangu.

"Anaumwa," baba akajibu. "Ni Kiswahili cha zamani. Endelea."

Kinachofuata kinasema ni mtu "aliyempenda sana". Nilikwama hapo. Najua wapo wanaolivuta hilo neno mpaka likubali wanachotaka, mimi silivuti. Mimi nilikuwa nasoma kama afisa. Ninajua maana ya kuwa chini ya mamlaka na kuwa na askari chini yangu, na ninajua ukaguzi. Akida yule anatuma watu wamwambie Yesu asiingie, kwamba yeye akida hastahili Yesu aingie chini ya dari yake. Na Yesu haingii. Hafungui kabati, haulizi huyu mtumwa ni nani kwako hata uhangaike hivi. Anashangaa imani ya yule mtu, na waliotumwa wakirudi wanamkuta mgonjwa mzima. Miaka arobaini namsubiri Mungu aje na rungu la ukaguzi chini ya kwapa.

"Rudia mstari wa pili," baba akasema.

Nikarudia. Alikuwa amegeuzia uso ukutani, kama anavyofanya siku hizi taa ikimuumiza. Kisha akaomba, na maombi yake ni orodha ndefu: ng'ombe aliyekaribia kuzaa, mjane wa jirani, mtihani wa mjukuu, jicho la kulia. "Na yule rafiki wa mwanangu, Bwana, yule wa Arusha. Mgongo wake."

Nilimtajia mgongo huo mara moja tu, kwenye simu, mwezi wa kumi. Wengine wakasema amina. Mimi niliwahi kutoka nje, nikasema naenda kufunga banda la kuku.