Sarufi yangu ya Prolog ilivyoacha kuzunguka

Nilikuwa naandika kanuni za sarufi ya Kiswahili kwa Prolog, lugha ya programu ya kimantiki, ili kompyuta ichanganue sentensi. Sentensi iliyonishinda ilikuwa fupi tu: "Kitabu cha mtoto wa mwalimu kimepotea." Kanuni yangu ilisema kirai nomino (nomino pamoja na maneno yanayoiandama) ni kirai nomino kikifuatiwa na -a unganifu (kama "cha" na "wa") na nomino nyingine. Kisarufi ni sawa, ila Prolog huanza kushoto: ili kupata kirai nomino ikatafuta kirai nomino, nacho kikadai kingine, mpaka kumbukumbu ikajaa.

Nikaiandika upya: kirai nomino ni nomino, kisha mkia. Mkia ama ni mtupu, ama ni -a unganifu, nomino na mkia mwingine. Ikajibu papo hapo, lakini ikakubali pia "kitabu wa mtoto", aibu! Nikaongeza kwenye kanuni hoja ya ngeli, yaani taarifa ambayo kanuni moja huipitishia nyingine: kila mkia hupokea ngeli ya nomino iliyoutangulia, kitenzi hupokea ya nomino kuu.