Kurudi kwenye moto wa makaa

Somo: Yohana 18:15–18, 21:9–17

Wapendwa, Bwana Yesu asifiwe.

Wiki hii nimekuwa nikimkumbuka Asamoah Gyan, mshambuliaji wa Ghana. Tarehe 2 Julai 2010, Soccer City, Johannesburg, robo fainali ya Kombe la Dunia. Ghana na Uruguay wako 1-1, dakika za nyongeza zinayoyoma, Luis Suárez anaunawa mpira kwenye mstari wa goli. Kadi nyekundu, penalti. Ikiingia, Ghana inakuwa timu ya kwanza ya Afrika kufika nusu fainali. Gyan akapiga, mpira ukagonga mtambaa panya, ukapaa.

Kupiga alijua. Kwenye mashindano hayo hayo alishafunga penalti mbili, dhidi ya Serbia na Australia, na umbali ni ule ule, mita 11. Kilichobadilika kimo kichwani: mtu anaanza kuwaza ikikosa itakuwaje, anausimamia mguu ambao siku zote ulijiendea wenyewe, anatamani tu jambo liishe. Waliochunguza penalti wanasema wanaokimbilia kupiga mara tu kipenga kinapolia hukosa zaidi. Jukwaani tunauona ujasiri, kumbe mwenzetu anatafuta mlango wa kutokea.

Petro naye. Bustanini alichomoa upanga mbele ya askari. Saa chache baadaye, kijakazi wa mlangoni akamuuliza swali moja tu, akakana kuwa mwanafunzi wa Yesu.

Ninachokipenda kwa Gyan ni kilichofuata. Dakika chache tu, ikaja mikwaju ya penalti, na mpigaji wa kwanza wa Ghana alikuwa yeye. Hebu ifikirie ile safari kutoka katikati ya uwanja, peke yake, wenzake wamebaki nyuma, na mlio wa mwamba bado uko masikioni. Akapiga juu tena. Ikaingia. Ghana walitolewa 4-2 hata hivyo, na labda ndiyo maana wengi wameusahau mkwaju ule. Mimi sijausahau.

Yohana anautaja moto wa makaa mara mbili tu: uani kwa kuhani mkuu, usiku Petro alipokana mara tatu, na ufukweni baada ya ufufuo. Sidhani kama alikuwa anapamba hadithi. Yesu angeweza kumaliza na Petro popote, hata mashuani. Akamngoja penye moshi ule ule, akamuuliza mara tatu, kwa hesabu ile ile. Habari za kijakazi hakuzigusa. Petro alihuzunika alipoulizwa mara ya tatu. Kidonda kilikuwa kimeguswa penyewe. Na kila alipojibu alipewa kazi ya kondoo: lisha, chunga, lisha.

Tungependa iishie hapo. Lakini mwaka 2012, nusu fainali ya Kombe la Mataifa ya Afrika, Gyan alipewa penalti dhidi ya Zambia akakosa tena, na Ghana wakafungwa 1-0. Petro naye, baada ya Pentekoste, baada ya kuhubiri mbele ya maelfu bila kutetemeka, alifika Antiokia akawa anakula na watu wa Mataifa. Wakaja wageni Wayahudi kutoka kwa Yakobo, kiongozi wa kanisa la Yerusalemu. Akaondoka mezani, akajitenga, kwa kuwaogopa. Paulo akamkemea mbele ya watu wote (Wagalatia 2:11–14).

Barua haisemi Petro alijibu nini. Kondoo walikuwa bado wanangoja kulishwa.