Mtihani wa nadharia wa udereva Uingereza: video ndizo zilizonipa kazi

Leseni ya Kenya au Tanzania inakuruhusu kuendesha gari dogo Uingereza kwa miezi 12 tangu uanze kuishi huko. Baada ya hapo unaanza moja: leseni ya mwanafunzi, halafu mtihani wa nadharia, pauni 23.

Sehemu ya kwanza ni maswali 50 ya kuchagua jibu, dakika 57, na ukipata 43 umepita. Kilichonichanganya ni maili. Umbali wa gari kusimama niliushika kwa hesabu: mwendo wa maili 20 kwa saa zidisha kwa 2, wa 30 kwa 2.5, wa 40 kwa 3, unaongeza nusu hivyo hivyo hadi 70 kwa 4.5. Jibu ni futi. Gawa kwa 3.3 upate mita. Kwa 30 ni mita 23, kwa 70 ni 96. Barabara ikilowa, mara mbili. Kwenye barafu, hata mara kumi.

Vivuko navyo vina mitego. Zebra tunaijua, lakini vipo vyenye majina ya ndege, wale wenye manyoya. Toucan, baiskeli zinavuka pamoja na watembea kwa miguu. Pelican, taa ya njano ikimweka unawapisha walio kivukoni. Puffin haimweki kabisa.

Sehemu ya pili ni video za barabarani, unabofya kipanya unapoona hatari inaanza. Video ni 14, zenye hatari 15, na unahitaji alama 44 kati ya 75. Hapa dereva mzoefu ndiye anayeanguka, kwa sababu jicho lake linawahi mno. Gari lililoegeshwa pembeni bado si hatari inayohesabiwa. Magurudumu yakianza kukata kuingia barabarani, hapo ndipo alama 5 za hatari hiyo zinaanza kushuka kadiri unavyochelewa. Ukibofya kabla, huambulii kitu. Nilichofanya: nabofya ninaposhuku, nabofya tena kitu kinapoanza kusogea. Usibofye mfululizo kama unapiga ngoma, mashine itakupa sifuri kwa video hiyo, na hakuna kurudi nyuma.

Ukianguka sehemu moja unarudia zote mbili, baada ya siku 3 za kazi, na unalipa upya. Nenda na kadi yenyewe ya leseni, maana picha ya kwenye simu haikubaliki na pesa hairudi. Cheti kinadumu miaka 2. Kikiisha hujapita mtihani wa barabarani, unarudi kwenye kompyuta.