Ruta mbili za ISDN juu ya meza, Sinza

Ruta zenyewe nilizikuta Kariakoo kwa muuza vifaa vya ofisi vilivyochoka, zimelaliwa na printa. Cisco 2611 mbili, kila moja na kadi ya WIC-1B-S/T mgongoni, yaani tundu la kuchomekea laini ya ISDN, simu ya kidijitali ya zamani. Jamaa alikuwa tayari kunipimia kwa kilo. Nikamuuliza kama zinawaka, akanijibu, "Bosi, feni inazunguka, unataka nini tena?" Tukamalizana kwa elfu thelathini zote mbili.

Laini ya ISDN ya kawaida, ile BRI, ina chaneli mbili za B za kubeba sauti au data, kilobiti 64 kwa sekunde kila moja, na chaneli ya D ya kilobiti 16 inayopiga na kukata simu. Uingereza waliacha kuuza laini mpya Septemba 2023. Mimi laini sina, ila mjomba aliposafisha stoo alinipa mtambo mdogo wa simu za ofisi kutoka Ujerumani. Una tundu la S0 la ndani, yaani la ISDN kwa vifaa vya ofisini, na basi moja la S0 (waya mmoja ambao vifaa vyote vinaushiriki) linabeba hadi vifaa vinane. Nikaona ruta mbili zitakaa bila kubanana, zipigiane simu humo humo.

Jumamosi ya kwanza iliishia kwenye nywila zilizoachwa na wenye ruta wa zamani. Ukibonyeza Break ruta inapowaka, ukaandika confreg 0x2142, inaamka bila kusoma mipangilio ya zamani. Usisahau kurudisha 0x2102, ile ya kusoma mipangilio kama kawaida. Mimi nilisahau, umeme ukakatika usiku, asubuhi kazi yote haionekani. Ilikuwa bado imehifadhiwa, lakini nilishaanza upya.

Mpangilio wa kwanza ni kuiambia ruta inaongea na mtambo wa aina gani: isdn switch-type basic-net3, ambayo ndiyo ISDN ya Ulaya. Baada ya hapo show isdn status ikaniambia tabaka la kwanza, yaani la waya, ni DEACTIVATED: limezimwa. Nikabadilisha kadi, nikazima, nikawasha. Kumbe nimechomeka waya wa mtandao uliopishanishwa. S0 inatumia pini 3, 4, 5 na 6, na kutoka kwenye mtambo kwenda kwenye ruta zinataka zinyooke. Nikaweka waya mnyoofu, nikafunga rezista za omu 100 mwishoni mwa basi, na ruta zikapewa TEI, namba zao za utambulisho kwenye basi, 64 na 65. Maneno MULTIPLE_FRAME_ESTABLISHED, yaani ruta na mtambo vimeshaelewana, yalipotokea nilipiga makofi peke yangu.

Namba nazo muhimu. Simu ikiingia, mtambo hutangaza kwa kila aliye kwenye basi, na ruta isiyojua namba yake inaweza kuitikia simu ya mwenzake. Nikaweka isdn answer1 21 kwa moja, 22 kwa nyingine. CHAP, njia ya ruta kuhakikishiana jina na nywila, ilinichelewesha nusu saa tu: jina unaloandika ni la ruta ya upande wa pili, siyo lako, na herufi kubwa na ndogo zinahesabiwa.

Ping, jaribio la kuona kama ruta zinafikiana, ikapita. Simu ikapaswa kukatika yenyewe baada ya sekunde 120 za ukimya, lakini haikukatika. Nikaenda kununua chipsi mayai, nikarudi, bado imeunganishwa. Mchawi alikuwa saa: ruta moja ilikuwa inamuuliza mwenzake muda kwa NTP kila sekunde 64, na kila swali linaanzisha hesabu upya. Ingekuwa laini ya kulipia kwa dakika ningelia. Nikaandika access-list (orodha ya kuruhusu na kukataa) inayokataa NTP, nikaifunga kwenye dialer-list, inayoamua data ipi inastahili simu. NTP bado inapita laini ikiwa wazi, ila haina tena ruhusa ya kupiga simu wala kuizuia isikatike.

Sasa tamaa: kuunganisha chaneli zote mbili nipate kilobiti 128. Nikaweka ppp multilink na dialer load-threshold 1 pande zote. Chaneli ya pili ikagoma. Jioni tatu nilifuta na kuandika upya mipangilio ileile, nikimlaumu Cisco, nikilaumu kadi, nikifikia hata kuilaumu rezista. Jibu lilikuwa mbele yangu kwenye debug isdn q931, inayoonyesha ujumbe wa kupiga na kukata simu, tangu jioni ya kwanza: sababu namba 34, hakuna chaneli iliyo wazi.

Na kweli hakukuwa na chaneli. Basi hili ni kama daladala inayopakia watu wanane lakini ina viti viwili. Ruta ya 21 ikipiga, inakaa kiti kimoja. Ya 22 ikipokea, inakaa cha pili. Simu moja tu, na basi limejaa. Hakuna amri ya ruta itakayoongeza kiti.

Kijitabu cha mtambo ni Kijerumani kitupu, lakini mchoro ulionyesha swichi ndogo inayogeuza tundu la nje, la laini ya kampuni ya simu, kuwa la ndani. Nikaigeuza, nikahamishia ruta ya 22 huko, kila mmoja akawa na basi lake na viti vyake viwili. Chaneli ya pili ikapanda ndani ya sekunde chache. Faili la megabaiti moja, ambalo kwa chaneli moja lilizidi dakika mbili, likapita kwa dakika moja na kitu.

Feni zinapiga kelele mno, mama ameshauliza mara mbili kama friji imeharibika. Wiki ijayo natafuta feni za taratibu, Mtaa wa Aggrey au popote.