Mvua Ilitoka Mgongoni

Kwetu Mombasa mvua ya masika tuliizoea ikija kutoka baharini. Unaiona mbali, pazia la kijivu juu ya maji, na mama anapata nafasi ya kuanua nguo zote kabla tone la kwanza halijaanguka. Nilikuwa na miaka 12 na sikujua kwamba mvua inaweza kutokea upande mwingine.

Aprili 1997 baba alinipeleka kisiwani Mfangano, ndani ya Ziwa Victoria, kwa mama yake, nikae naye likizo nzima. Tulipanda mashua ya injini kutoka mji wa Mbita. Kisiwa kilipojitokeza niliona mlima mtupu umesimama majini, na nyumba za mabati zimebanana chini yake kwenye ukanda mwembamba wa ufuo. Baba akanionyesha Kwitutu, kilele chenyewe. Mita 1,694 kutoka usawa wa bahari, akasema. Nikamwambia mbona hauonekani mrefu hivyo. Akacheka, akanieleza kwamba ziwa lenyewe liko mita 1,134 juu ya bahari yetu, kwa hiyo mlima unaanza kuhesabiwa tukiwa tayari tumeshapanda.

Aliondoka kesho yake. Nikabaki na nyanya na lugha zake tatu. Na wazee wenzake alizungumza Kisuba, na wengine wote Kijaluo, na mimi Kiswahili cha sokoni. Kisuba nilikuwa nikinasa neno hapa na pale, maana ni lugha ya Kibantu kama yetu. Kijaluo sikuambulia kitu. Baba hakuwahi kutufundisha, na hilo liliniuma kisiwani kuliko popote.

Zilikuwa siku za giza, mwezi haupo, na hizo ndizo siku za kuvua omena, dagaa wa ziwani. Usiku ziwa lote liliwaka karabai, ungedhani kuna mji ng'ambo. Alfajiri mashua zilirudi na wanawake wakaingia majini hadi kiunoni kununua kwa karai, wengi kwa mkopo, wakilipa wakishauza. Nyanya alichukua makarai manne. Tukaanika omena juu ya nyavu kuukuu zilizotandazwa kwenye changarawe. Niliinama kuwatazama: samaki mdogo kama kidole changu cha mwisho, mgongo wa kijani iliyofifia, ubavu wa fedha tupu, jicho kubwa kuliko kichwa kinavyostahili. Jua likipanda, ile fedha inakauka ikawa kama karatasi, na ufuo mzima unameta hadi macho yanauma.

Mchana nyanya alipanda shambani kwake mlimani kupalilia mahindi. Binamu yangu alikuwa ameenda kuteka maji. Nyanya akanikabidhi kijiti, akahesabu kwa vidole: "Kuku. Ndege. Mvua." Nikaitikia. Niliketi kwenye jiwe, nikatazama ziwani.

Kuku niliwafukuza. Yangeyange walioingia wakitembea polepole kama wageni waheshimiwa niliwafukuza pia. Kisha nikaona mbali majini nguzo nyeusi imesimama hadi juu, inayumba. Moyo ukaruka. Nikakimbia kuanza kukunja wavu, na mama mmoja jirani akanishika mkono, akacheka, akaniashiria niache. Ni wadudu wa ziwani, wale wadogo wasiouma, wanaoruka kwa mamilioni hadi wanaonekana kama moshi. Nikarudi kwenye jiwe langu, na sasa sikuyaondoa macho kwenye ile nguzo kabisa, nijue mvua ya kweli ikija itafananaje.

Nilisikia watoto wakipiga kelele, "Koth! Koth!" Nikadhani ni mchezo. Wanawake wakaanza kukimbia, mmoja akapita akiniambia neno hilohilo usoni, kwa nguvu, na mimi nikamtazama tu. Kisha upepo wa baridi ukanipiga kisogoni. Nikageuka. Kwitutu haikuwepo. Wingu lilikuwa limeshuka hadi kwenye mashamba, na mvua ilikuwa inateremka mlimani kwa kishindo, juu ya mapaa ya mabati, inakuja kwetu.

Nilikunja wavu mmoja. Nyingine tatu zilinyeshewa huku nimesimama katikati yake.

Nyanya alifika akikimbia, amelowa chapachapa, jembe bado mkononi. Hakusema kitu. Alipiga magoti akaanza kukusanya. Omena aliyekauka nusu akinyeshewa huwa hana maana tena: tumbo linapasuka, kichwa kinabaki mkononi, rangi inageuka njano. Asubuhi tuliwaanika upya, lakini mnunuzi aliwashika kidogo tu, akawanusa, akasema hao ni wa chakula cha kuku. Nyanya akapokea bei hiyo, akaenda moja kwa moja kwa wenye mashua kuomba siku zaidi.

Usiku nililia. Akanivuta karibu. "Wazee walipanda hadi pango la Mawanga kuiomba mvua hii," alisema. "Leo nimgombeze mtoto kwa sababu imekuja?" Pango hilo nililiona siku chache baadaye, na duara zake nyekundu na nyeupe zilizochorwa mwambani na watu wa kale sana. Lakini usiku ule nilichotaka ni kujua neno moja tu. Nikamuuliza. Akanitamkia polepole, mara kadhaa, mpaka nikalipata.

Kuanzia hapo niliketi nimelipa ziwa mgongo.

Siku ya kuondoka nyanya alinifungia gorogoro mbili za omena mkavu, aliyekauka vizuri, kwa ajili ya mama. Mashua ilipokuwa mbali nilitazama nyuma. Kilele kilikuwa kimeanza kujifunika. Nikasimama, nikashika ukingo, nikapaza sauti, "Koth! Koth!" kwa ufuo usioweza kunisikia, hadi nahodha akaniambia, "Kaa chini, binti, wameshaiona."